Maswali ya Wasomaji: Huế, kamera na alama za vita

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu Vietnam, hasa Huế, mji uliokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyễn kuanzia 1802 hadi 1945. Katika vita dhidi ya Wafaransa na kisha vita vya Wamarekani, mji huu uliumia kuliko miji mingi ya kale ya nchi ile, lakini haujawahi kuacha kuwa mji wa watu. Anayekwenda na kamera akitafuta magofu tu atarudi na nusu ya habari. Maswali tumeyafupisha, majibu tumeyaacha yarefuke pale jambo linapodai.

Nina likizo ya wiki mbili. Naruhusiwa kuichukua Februari, Julai au Novemba. Mwezi gani unafaa kwa picha Huế? – Msomaji, Dodoma

Novemba usiifikirie. Mvua kubwa za Huế huanza Septemba na kuisha Desemba, na kilele chake ni Oktoba na Novemba. Pepo za kaskazini-mashariki hutoka baharini zimebeba maji, zikigonga milima iliyo nyuma ya mji zinayamwaga yote. Mto Hương ni mfupi, kwa hiyo maji ya milimani huingia mjini ndani ya saa chache. Mafuriko ya Novemba 1999 wenyeji wanayataja mpaka leo.

Februari na Julai kila mmoja una picha zake. Februari wingu hukaa chini, manyunyu hayakatiki kwa siku kadhaa, na joto huwa kama nyuzi 18 hadi 22. Mwanga hauna kivuli. Kijani cha kuvu kwenye kuta, wekundu wa milango na weusi wa vigae vilivyolowa hutoka vizuri mno, na unaweza kupiga picha mchana kutwa. Hasara ni anga: itakuwa nyeupe tupu, kwa hiyo ipe nafasi ndogo kwenye fremu au iache nje kabisa. Angalia pia kalenda ya Tết, mwaka mpya wa mwezi, unaoangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Kwa siku kadhaa maduka mengi hufungwa, na tiketi za treni humalizika mapema sana.

Julai ni jua kali, nyuzi 35 na kuendelea. Jua huchomoza kama saa 11 na dakika 20 alfajiri, na ikifika saa 3 asubuhi mwanga umeshakuwa mgumu. Kuna jambo linalowachanganya wapigapicha wengi: Huế iko latitudo ya 16 na nusu kaskazini, hivyo jua hupita utosini mapema Mei na tena mapema Agosti. Kati ya tarehe hizo jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kidogo, na nyuso za majengo zinazotazama kusini hubaki kivulini. Wafalme walielekeza Mji wa Kifalme kusini-mashariki. Kwa hiyo lango la Ngọ Môn, lililojengwa 1833, lipige asubuhi, kabla ya saa 3. Mchana wa Julai utapata kivuli cheusi chini ya paa na anga iliyoungua. Lango lenyewe unaweza kulipiga kutoka uwanja wa nje kabla geti halijafunguliwa, bila tiketi. Tiketi ya kuingia ndani kwa mtu mzima ni dong 200,000, na makaburi makubwa ya wafalme (Minh Mạng, Tự Đức, Khải Định) ni dong 150,000 kila moja, ingawa kuna tiketi ya pamoja inayopunguza gharama. Bei hupanda, zihakikishe kabla ya safari.

Ukiweza kumwomba bosi wako Machi au Aprili, mwombe. Mvua imepungua, joto halijakaza, na mwanga wa asubuhi unadumu.

Mtanzania anahitaji viza? Na akishafika Vietnam anakwendaje Huế? – Msomaji, Arusha

Anahitaji. Tangu 15 Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaweza kuomba viza ya mtandaoni ya hadi siku 90: dola 25 kuingia mara moja, dola 50 kuingia mara nyingi. Omba kwenye tovuti ya serikali pekee, ile ambayo anwani yake inaishia na gov.vn, kuna tovuti nyingi za mawakala zinazofanana nayo na kutoza mara mbili au tatu. Omba wiki mbili kabla. Makosa yanayokwamisha watu ni yale yale: majina kutofuata ukurasa wa pasipoti herufi kwa herufi, picha yenye miwani, na tarehe ya kuingia iliyo baadaye kuliko ndege yako. Viza huanza siku uliyoandika. Ukitua kabla ya saa 6 usiku wa kuamkia siku hiyo, huingii. Ada hairudishwi.

Kutoka Afrika Mashariki unaweza kupita Doha au Dubai hadi Hanoi au Ho Chi Minh, kisha ndege ya ndani hadi Phú Bài, uwanja ulio kilomita kama 15 kutoka Huế. Treni kutoka Hanoi ni kilomita 688, safari ya usiku mzima. Kipande kitamu ni Huế hadi Đà Nẵng, kilomita 103, kama saa tatu, njia ikipinda juu ya bahari kwenye mlima wa Hải Vân. Ukielekea kusini, kaa kushoto. Kioo cha dirisha mara nyingi ni kichafu na kinaakisi taa za ndani: kifute upande wako, sogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kuegemea (mtikisiko wa behewa utaingia kwenye kamera), funika pembeni kwa kitambaa cheusi, na shata isiwe chini ya 1/1000. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa 24. 05:30 ni saa 11 na nusu alfajiri kwa saa yetu.

Nina nakala ya picha iliyopigwa Huế wakati wa mapigano ya 1968. Nataka kusimama palepale na kuipiga upya. Nifanyeje ili zilingane? – Msomaji, Nairobi

Kazi nzuri hii, na inadai subira. Mapigano ya Huế, kati ya wanajeshi wa Vietnam ya Kaskazini na wale wa Kusini wakiwa pamoja na Wamarekani, yalianza 31 Januari 1968, siku za Tết, na yaliendelea karibu mwezi mzima, nyumba kwa nyumba. Wapigapicha kadhaa wakubwa walikuwepo: Don McCullin wa Uingereza, John Olson wa Marekani, na Catherine Leroy wa Ufaransa, aliyekamatwa na wanajeshi wa Kaskazini, akawapiga picha, kisha akaachiliwa. Kama picha yako ilipigwa na mpigapicha wa jeshi la Marekani akiwa kazini, kwa kawaida haina mwenye haki na unaweza kuichapisha. Kama ni ya mwandishi au shirika la habari, kuipiga upya ni ruhusa, lakini kuichapisha ile ya zamani kunahitaji idhini.

Kosa la kwanza la watu ni kuvuta lenzi mpaka jengo lijae fremu kama kwenye picha ya zamani. Lenzi haibadilishi mpangilio wa vitu. Mahali unaposimama ndipo panaubadilisha. Tafuta mahali kwanza, lenzi baadaye.

Chapisha nakala kwenye karatasi ya ukubwa wa A5 na uichore kwa kalamu nyekundu. Tafuta vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja, kimoja karibu na kingine mbali: tuseme pembe ya tao la lango na ncha ya paa nyuma yake. Ukiwa mahali penyewe, sogea kushoto na kulia mpaka vikae vile vile. Sasa uko kwenye mstari sahihi, ila hujui kama uko mbele au nyuma. Chukua jozi ya pili upande wa pili wa fremu, kisha tembea mbele na nyuma kwenye ule mstari wa kwanza mpaka nayo ilingane. Mistari miwili inapokatana ndipo alipokuwa mpigapicha. Hatua moja ya pembeni inatosha kuharibu ulinganifu wa vitu vya karibu, kwa hiyo malizia kwa kusogea nusu hatua nusu hatua. Kisha urefu wa kamera. Askari na wapigapicha walikuwa wameinama au kulala nyuma ya kifusi, kwa hiyo usishangae ukihitaji kupiga goti au kuweka kamera sentimita 40 tu kutoka ardhini. Ukifika hapo ndipo uchague lenzi. Waandishi wa wakati ule walitumia sana milimita 28, 35 na 50 kwenye filamu ya uwiano wa 3:2. Simu nyingi hupiga 4:3, kwa hiyo piga kwa upana kidogo na ukate baadaye.

Chagua vitu vya kupimia kwa uangalifu. Mlingoti wa bendera wa Kỳ Đài, mbele ya Ngọ Môn, ni rafiki yako mkubwa: huu wa zege unaosimama leo uliwekwa 1948, kwa hiyo ulikuwepo 1968. Ukingo wa handaki la maji na matao ya mawe pia hayahami. Miti usiiamini hata kidogo. Daraja la Trường Tiền lilivunjwa Februari 1968 na likakarabatiwa kikamilifu katika miaka ya 1990. Linasaidia kwa mahali, si kwa vipande vyake vidogo. Na jumba la Kiến Trung, lililoteketezwa 1947, limejengwa upya na kufunguliwa kwa wageni 2024; kwenye picha ya 1968 halipo. Ukumbi wa Thái Hòa nao ulifunguliwa upya Novemba 2024 baada ya ukarabati mkubwa, ndiyo maana dhahabu yake inang'aa kuliko picha zote za zamani.

Mwisho ni mwanga. Mapigano yale yalifanyika chini ya wingu zito na manyunyu, hali iliyozizuia hata ndege za kivita. Ukienda Julai, vivuli vikali vitaifanya picha yako ionekane ya mji mwingine. Nenda mwishoni mwa Januari au Februari, upate mwanga ule ule.

Sehemu nyingine hutazipata. Juu ya kuta za ngome yenyewe waliishi watu kwa miongo mingi, wengi wao kutoka familia zilizokosa makazi kwa sababu ya vita. Tangu 2019 maelfu ya kaya wamehamishiwa makazi mapya ili kuta zihifadhiwe. Picha ambayo mtu aliipiga 2015 ya nyumba za juu ya ukuta tayari ni kumbukumbu ya kale, na inastahili kupigwa upya kama zile za 1968.

Nimeshafika Huế. Matundu ya risasi ukutani yalionekana wazi kwa macho, lakini kwenye picha zangu ukuta umetoka bapa, kama wa kawaida tu. Tatizo nini? – Msomaji, Zanzibar

Mwanga ulikuja kutoka mbele. Ulisimama jua likiwa mgongoni, tundu likajaa mwanga, kivuli kikakosekana. Bila kivuli, kamera haioni kina. Mwanga unatakiwa upite ukiparuza ukuta kutoka ubavuni.

Kipimo ni rahisi. Shika penseli ikichomoza sentimita 5 kutoka ukutani, bila kuukwaruza. Kivuli chake kikiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 25, mwanga uko sawa. Kikiwa sentimita 5 au chini ya hapo, rudi saa nyingine. Kuta za ngome ya Huế zina mzunguko wa kilomita kama 10 na zinatazama pande nne, kwa hiyo karibu saa yoyote yenye jua kuna upande unaopata mwanga wa aina hii. Tembea na penseli yako mpaka uupate.

Siku ya mawingu subiri magharibi. Weka kamera kwenye tripodi, ISO 100, f/8, shata sekunde 1 au 2, na mwenzako ashike tochi mita moja na nusu pembeni, karibu na usawa wa ukuta, akiisogeza polepole wakati shata iko wazi. Ukiitikisa tochi vivuli vinakuwa laini. Ukiituliza vinakata kama kisu. Kamera itazame ukuta moja kwa moja, la sivyo upande mmoja utatoka nje ya fokasi. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu, maana kamera ikiona tofali jeusi lenye kuvu huling'arisha likawa kijivu.

Si kila tundu ni la risasi. Mizizi hufuata chokaa kati ya tofali na tofali, na tofali lililooza humeguka kwa tabaka. Alama ya risasi ina umbo la bakuli: mdomo mpana uliomeguka, kina kifupi, na mara nyingi ziko kwa kundi, karibu na madirisha na juu ya matao ambako mtu alikuwa amejificha. Piga picha tatu za kila mahali: lango zima, kundi la alama, kisha alama moja. Picha ya tundu peke yake haimwambii mtazamaji lolote. Ingeweza kuwa ya ukuta wowote duniani.

Ningependa kuwapiga picha wazee waliokuwepo wakati wa vita na kusikia habari zao. Naogopa kuwakwaza. – Msomaji, Muscat

Hofu yako ni ya haki, na inakufaa. Zaidi ya nusu ya Wavietnam wamezaliwa baada ya 1975, mwaka vita vilipoisha. Wanaoikumbuka 1968 sasa ni wazee wa miaka sitini na kuendelea. Huế ina uzito wake wa pekee. Maelfu ya raia walikufa katika wiki zile, wengine kwa mabomu na mizinga, wengine waliuawa na kufukiwa kwenye makaburi ya halaiki, na katika ukoo mmoja unaweza kukuta marehemu wa pande zote mbili. Kumbukumbu za marehemu hufanywa kwa kalenda ya mwezi, kwa hiyo nyumba nyingi za Huế zina kumbukumbu karibu siku zile zile, mara tu baada ya Tết. Siku hizo usiende kuhoji watu. Ukialikwa, nenda kama mgeni, kamera ikiwa mkobani.

Usianze na "Ulikuwa upande gani?" Swali hilo linafunga mlango. Uliza juu ya nyumba, mtaa, soko la Đông Ba lilikuwaje zamani. Mtu akitaka kufika kwenye vita atafika mwenyewe, na asipotaka usimsukume. Tafuta mkalimani aliyezaliwa Huế hasa. Lafudhi ya hapo ni nzito hata kwa Mvietnam wa Hanoi, na mkalimani wa kutoka mbali atakutafsiria nusu tu, na nusu hiyo kwa kubahatisha.

Salimia kwanza, tena kwa cheo cha umri kama tunavyofanya sisi: mzee wa kiume ni ông, bibi ni bà. "Chào bà", kichwa kikiinama kidogo, inatosha kufungua mazungumzo. Toa na upokee kitu kwa mikono miwili. Picha iombwe baada ya mazungumzo, kamwe si kabla: "Tôi chụp hình được không?" Ukijibiwa kwa kicheko na mkono unaopungwa mbele ya uso, hilo ni hapana, shukuru na uache. Madhabahu ya marehemu, yenye picha na vijiti vya ubani, huwa chumba cha mbele, mahali ambapo jicho la mpigapicha huvutwa mara moja. Usiipige bila kuruhusiwa waziwazi. Wapo wazee wasiopenda picha ya watu watatu, wakiamini wa katikati hupatwa na balaa. Ongeza mtu wa nne au mpige mmoja mmoja.

Kwa muuza mitaani, nunua kitu chake. Nyumbani kwa mtu usitoe pesa kwa ajili ya picha, peleka matunda. Na ukiahidi kutuma picha, tuma. Maduka ya kusafisha picha mjini huchapisha ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 siku hiyo hiyo kwa bei ndogo sana, kwa hiyo inawezekana kurudi kesho yake na picha mkononi. Wajukuu wanatumia Zalo kuliko WhatsApp. Iweke kwenye simu mapema.

Kila nikitoka hotelini lenzi inaingia ukungu, na mwaka jana nilikuta nyuzi nyeupe ndani ya kioo. Huko Vietnam itakuwaje? – Msomaji, Tanga

Itakuwa kama Tanga, au zaidi. Ukungu wa nje ni mvuke unaoganda kwenye kioo kilichopoa kwa kiyoyozi. Kabla ya kutoka chumbani funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa, toka nayo, na usiufungue kwa nusu saa. Mvuke utaganda kwenye plastiki. Usifute lenzi iliyolowa, wala usibadilishe lenzi wakati huo, maana mvuke utaingia ndani.

Hizo nyuzi nyeupe ni kuvu hai, inayokula rangi ya kinga juu ya kioo. Hustawi unyevu ukipita asilimia 70 gizani. Mpe fundi asafishe sasa; ikishachimba kioo, alama haitoki. Safirini weka kamera kwenye kopo la chakula lenye mpira mdomoni pamoja na gramu 50 hadi 100 za silika, zile chembe za kunyonya unyevu. Ile ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishajaa maji. Ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili itumike tena. Mkoba wa ngozi usiutumie kuhifadhia, kuvu inaupenda.

Ni salama kupiga picha maeneo ya vita kaskazini ya Huế? Nasikia bado kuna mabomu. – Msomaji, Bujumbura

Bado yapo. Quảng Trị, eneo lililokuwa mpaka wa Kaskazini na Kusini, ndilo lililopigwa mabomu vibaya zaidi. Serikali ya Vietnam inasema watu zaidi ya 40,000 wameuawa na mabaki ya vilipuzi nchini tangu 1975. Mashirika kama Project RENEW, lililoanza 2001, yanaendelea kuyaondoa, na maeneo ya wageni yamesafishwa: daraja la Hiền Lương juu ya mto Bến Hải, ngome ya Quảng Trị iliyopiganiwa siku 81 mwaka 1972, na makaburi ya Trường Sơn yenye mashujaa zaidi ya 10,000. Hayo tembelea bila wasiwasi.

Hatari inaanza pale mpigapicha anaporudi nyuma hatua kumi ili apate fremu pana. Usitoke kwenye njia iliyokanyagwa, hata kwa ajili ya kukojoa. Usiokote chuma chochote, hasa kitu cha mviringo kinachotoshana na mpira wa tenisi. Kile ni kibomu cha mabomu ya mtawanyiko, na uzee haukipunguzii nguvu. Ukikiona, simama, rudi kwa nyayo zako zile zile, mwambie mwongozaji. Usikipige picha kwa kukisogelea, na usinunue mabaki ya vita kama kumbukumbu: uwanja wa ndege utakuweka pabaya.

Katika mahandaki ya Vịnh Mốc, yaliyochimbwa na wanakijiji kuanzia 1966 na ambamo watoto 17 walizaliwa, njia ni nyembamba na mtu mrefu hutembea ameinama. Lenzi pana yenye f/2 au namba ndogo zaidi ya hapo, ISO 3200 hadi 6400, shata 1/30, ukiegemeza bega ukutani. Flashi huua kina chote na kukuonyesha udongo mweupe tu. Ambaye anabanwa na pumzi mahali finyu asiingie.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini, na fedha zikoje? – Msomaji, Mombasa

Jihadhari na chakula maarufu cha mji, bún bò Huế. Jina linataja ng'ombe, lakini kwa kawaida bakuli lina kongoro za nguruwe, na mara nyingi damu iliyogandishwa. Tafuta kibao kilichoandikwa "chay": ni chakula kisicho na nyama. Huế ni mji wa mahekalu ya Kibudha, kwa hiyo migahawa hiyo ni mingi na mizuri, na tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo hata migahawa ya kawaida huipika.

Kuhusu fedha, noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Kiza kikiingia watu hulipa moja wakidhani ni nyingine, na tofauti ni mara 25. Weka za 500,000 mfuko wa peke yake.

Hội An nayo niende? – Msomaji, Lamu

Nenda, hasa wewe wa Lamu. Iko kilomita 30 kusini ya Đà Nẵng, ilikuwa bandari ya wafanyabiashara wa Kichina na Kijapani, na imo kwenye urithi wa dunia tangu 1999. Vita haikuibomoa kama Huế. Mto ulikuwa umeshajaa mchanga na biashara kubwa kuhamia Đà Nẵng, mji ukabaki kama ulivyo. Usiku wa tarehe 14 ya mwezi mwandamo taa za umeme mtaani huzimwa, kandili huwashwa. Kwa kandili weka rangi ya mwanga kwenye 3500 K usiiachie kamera, ISO 1600, f/2.8, shata 1/60, na upunguze mwanga stopu moja, la sivyo hariri yote ya kandili itaungua. Kama watu wengi wanakukera, amka saa 11 na nusu alfajiri. Mitaa utakuta ya wenyeji na mafagio yao.

Ukiwa hapo panga nusu siku ya Mỹ Sơn, mahekalu ya Wacham, watu wa ufalme wa kale wa Champa, yaliyo kilomita kama 40. Mabomu ya Marekani ya Agosti 1969 yalivunja mnara mkubwa kuliko yote, na mashimo yake yangali pale katikati ya magofu, yameota majani.

Niende na droni? – Msomaji, Kigali

Iache. Kurusha droni Vietnam kunahitaji kibali cha mamlaka za ulinzi, na juu ya ngome unahitaji pia idhini ya wasimamizi wake. Bila hivyo inakamatwa na unatozwa faini. Zaidi ya hayo, kuna sehemu za kijeshi mjini. Ukiona kibao cha "Khu vực cấm" (eneo la marufuku) au "Cấm chụp ảnh" (marufuku kupiga picha), shusha hata simu. Ukitaka picha ya juu, panda kilima cha Vọng Cảnh, kilomita chache kusini-magharibi ya mji, saa 12 asubuhi. Unaona mto Hương ukikunja kona chini yako, na lenzi ya milimita 70 hadi 200 inatosha.